Nasaba za Uzaramo katika Magazeti na Madaftari ya Zamani

Mzee wa Maneromango au wa Mlandizi akiulizwa baba yake alizaliwa lini, aghalabu hujibu kwa kutaja tukio: mwaka wa nzige, au kabla ya vita vya Majimaji, au Mwingereza alipokwisha kuingia Dar es Salaam. Karani anayemwuliza hana mahali pa kuandikia jibu kama hilo. Fomu yake yataka tarehe. Basi karani hukisia mwaka na kuuandika, na tangu siku hiyo kisio chake ndicho huitwa ushahidi. Jibu la mzee, lililokuwa la kweli, hupotea. Tarehe ya karani, isiyokuwa ya kweli, ndiyo hubaki.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mtafiti wa nasaba awezavyo kuyarudisha majibu ya namna hiyo mahali pake, kwa kuyalinganisha na magazeti ya zamani ya Kiswahili na madaftari ya mahali ambayo watu wengi huyapuuza. Nimezichagua Kisarawe na Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, kwa sababu mbili. Kwanza, hii ni nchi ya Wazaramo na majirani zao ambayo imeandikwa mapema na kwa hati nyingi: Kiarabu, Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili. Pili, ni nchi ambayo jambo hili si la kujifurahisha tu. Dar es Salaam umepanuka hata ukafika katika mashamba yao, na ardhi iliyokuwa ya minazi na miembe sasa hupimwa viwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaitambua haki ya kimila. Lakini haki ya kimila mara nyingi husimama juu ya swali moja, nani alikuwa mtoto wa nani. Aliye na makaburi ya wazee wake shambani lakini hawezi kuyataja majina ya waliolala humo, yuko hatarini.

Mipaka iliyohama

Kosa la kwanza la mtafiti mgeni ni kutafuta faili lenye jina la Kibaha katika nyaraka za wakati wa ukoloni. Kibaha wakati huo haikuwa wilaya. Ilianza kujulikana sana nchini baada ya mwaka 1963, ulipoanzishwa mradi wa elimu, afya na kilimo kwa msaada wa nchi za Nordiki, ambao Serikali ya Tanzania iliupokea kikamilifu mwaka 1970. Kabla ya hapo habari za vijiji vyake zatafutwa katika mafaili ya majirani: Bagamoyo upande mmoja, Uzaramo na Dar es Salaam upande mwingine. Kisarawe nayo ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, kwa maana Mkuranga ilikuwa ndani yake. Na Pugu, iliyo leo katika jiji la Dar es Salaam, yasimuliwa katika vitabu vya zamani kama sehemu ya nchi ya Uzaramo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtu, tafuta kwanza mahali pake palitawaliwa na nani katika mwaka unaohusika: jumbe gani, akida gani, wilaya gani. Reli ya kati itasaidia hapa. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ukipita Pugu, Soga na Ruvu. Vijiji vingi vilisogea kuifuata, na watu waliotoka bara kuja kuijenga, au kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walioa huko wakakaa. Wajukuu wao leo ni Wazaramo na Wakwere kwa lugha na kwa desturi, ingawa babu alitoka Unyamwezi.

Magazeti

Magazeti ya Kiswahili ya zamani hayakuandikwa kwa ajili ya wanasaba, na hiyo ndiyo faida yake. Mtu aliyetajwa humo hakutajwa ili kuthibitisha ukoo wake. Alitajwa kwa sababu amefaulu mtihani, amehamishwa kazi, amefiwa, ameuliza swali, au ametunga shairi. Ushahidi wa namna hiyo hauna hila.

Lililo la kale katika yale yanayotufaa ni Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga katika wakati wa Wadachi, kama wazee walivyozoea kuwaita Wajerumani, likakoma mwaka 1916. Barua zake ziliandikwa na walimu na makarani waliotawanyika nchini. Pwani na Bara, gazeti la misheni za Kilutheri, lilianza mwaka 1910. Huko mtafiti wa Kisarawe na Maneromango hupata habari za vituo na za walimu Waafrika. Kisha kuna Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililotolewa na Idara ya Elimu Dar es Salaam tangu mwaka 1923, nalo lilidumu takriban miaka arobaini. Hakuna gazeti lingine la zamani lenye majina mengi ya watu wa kawaida kulishinda hili. Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyi biashara kutoka Uganda aliyekaa Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, na humo twasikia sauti ambazo gazeti la serikali lisingezichapa. Katika miaka ya kudai uhuru yakaja Mwafrika na mengineyo.

Msomaji asiridhike na kurasa za habari tu. Asome barua za wasomaji, kwa kuwa mwandishi wa barua hutia jina lake, kazi yake na kijiji chake. Asome tangazo la mali ya marehemu katika Gazeti la Serikali, maana hutaja mahali na tarehe. Zaidi ya yote asome mashairi. Ni desturi ya watunzi wetu kujitaja katika beti za mwisho: jina, mji, na pengine jina la baba. Mwanafunzi wa fasihi huuruka ubeti huo kuwa hauna sanaa. Mwanafunzi wa nasaba huanzia hapo. Mtunzi wa Kisarawe aliyejitaja katika ubeti wa tamati mwaka 1935 ametuachia hati iliyo na jina, mahali na mwaka, ambayo pengine hakuna daftari lolote lililonayo.

Hata hivyo magazeti yana upungufu. Yalipenda wanaojua kusoma, yaani watu wa shule, wa ofisi na wa misheni. Mkulima aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akiandika kwa herufi za Kiarabu, ni nadra kuonekana. Na wanawake ni wachache sana. Upungufu huu wa pili ni mkubwa kuliko unavyoonekana, nami nitaurudia.

Madaftari yaliyosahauliwa

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wadachi mwaka 1898. Kila jumbe alitakiwa kujua nyumba zilizo katika eneo lake, na kwa hiyo orodha zikaandikwa. Tangu mwaka 1902 ukaongezwa mzigo wa mashamba ya pamba ya pamoja katika nchi ya Uzaramo, yaliyosimamiwa na majumbe na maakida. Chuki yake ilikuwa sababu mojawapo ya watu wa huku kujiunga na vita vya Majimaji mwaka 1905. Kibasila wa Kisangire, ambaye Wadachi walimnyonga, atajwa katika taarifa zao kama mwasi. Katika masimulizi ya nyumbani ni mzee mwenye ukoo na wajukuu. Anayesoma taarifa bila masimulizi hujua namna alivyokufa, wala hajui alikuwa nani.

Nyaraka za Wadachi zilizosalia zimewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, na orodha yake kamili ilichapishwa Marburg mwaka 1973. Huko vilevile kuna vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, ambamo maafisa waliandika khabari za koo, majumbe na mila. Yapasa kuvisoma kwa tahadhari: afisa aliandika alichoambiwa na wachache, na wachache hao mara nyingi walikuwa na cheo cha kugombea.

Madaftari ya misheni ni ya namna nyingine. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, na kituo chao kikashambuliwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri. Walutheri kutoka Berlin walijenga Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890. Daftari la ubatizo huandika tarehe, jina jipya, pengine jina la zamani, wazazi na wadhamini. Mtafiti akumbuke kwamba wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini baada ya vita vya kwanza, na tena wakawekwa kizuizini vilipoanza vita vya pili. Asishangae akikuta miaka mitupu. Ukimya wa daftari katika miaka hiyo haumaanishi kwamba watoto hawakuzaliwa.

Kisha kuna yale ambayo hayako katika hifadhi yoyote: daftari la nikaha la sheikh wa kijiji, daftari la shule ya msingi lenye jina la mzazi, hukumu za mahakama za mwanzo juu ya talaka na urithi, orodha ya kaya iliyoandikwa vijiji vya ujamaa vilipoundwa katika miaka ya 1970, kipande cha kazi alichokitunza bibi katika sanduku. Madaftari haya huliwa na mchwa, hulowa mvua, na mengine hutumiwa kuwashia moto. Katika kazi ya nasaba, haya ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa huandika watu waliopuuzwa na magazeti.

Jina moja, hati tatu

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha afaapo kuliko mwanahistoria. Mtu mmoja aweza kuonekana kama watu watatu kwa sababu ya imla tu. Chukua jina la Pazi, ambalo lilikuwa cheo cha wakuu wa Wazaramo na limekuwa jina la watu wengi. Katika hati ya Kiarabu waandishi wengi hawakuwa na herufi ya p, wakaandika b. Kwa hiyo aliyelisoma baadaye aliweza kusoma Bazi. Mdachi, ambaye sauti ya z huiandika kwa s, aliandika Pasi. Ndivyo alivyoandika Usaramo kwa Uzaramo. Karani wa Mwingereza akaandika Pazi. Bazi, Pasi na Pazi ni mtu mmoja.

Jina la Kondo nalo lina shida yake. Waandishi wa zamani wa hati ya Kiarabu mara nyingi waliiacha n iliyo mbele ya d, wala hati yenyewe haikupambanua o na u. Hivyo Kondo laweza kusomwa Kudu. Kwa Mdachi sh ni sch, j ni dj au dsch, ch ni tsch, na y ni j. Kwa hiyo Shomari hutafutwa katika S kwa namna mbili, na Juma hutafutwa katika D. Tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930 na kusawazisha imla, shida hii ikapungua katika vitabu na magazeti; katika madaftari ya vijijini iliendelea muda mrefu.

Kanuni ni hii: kabla ya kusema kwamba mtu hayumo, liandike jina lake kama ambavyo angeliandika kila mwandishi wa wakati ule, kisha utafute upya.

Majina kama kalenda

Majina yenyewe hutoa ushahidi wa wakati. Kondo maana yake ni vita. Tabu na Shida hueleza hali ya nyumba siku ya uzazi. Juma na Khamisi hutaja siku. Rajabu, Shabani na Ramadhani hutaja mwezi. Majina ya miezi yana manufaa ambayo sijaona yakitumiwa inavyostahili.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo kila mwezi wake huzunguka majira yote katika miaka thelathini na mitatu. Tuseme familia yasema kwamba babu aliitwa Shabani kwa sababu alizaliwa mwezi huo, na ya kwamba alizaliwa wakati wa masika, mama yake akitoka kupanda mpunga. Mwaka 1905 Shabani ilianza mapema Oktoba, karibu na vuli. Basi babu huyo hakuzaliwa mwaka wa Majimaji. Shabani ilianza katikati ya Aprili mwaka 1888, na tena karibu na Aprili 10 mwaka 1921. Ikiwa babu huyo alikuwa akilipa kodi mwaka 1923, basi ni yule wa miaka ya karibu na 1888, wala si wa 1921. Kwa neno moja la mwezi, neno moja la majira, na mstari mmoja wa daftari la kodi, tumepata wakati wa kuzaliwa kwa tofauti ya miaka miwili au mitatu. Karani asingeweza kukisia hivyo.

Lakini yapasa kuuliza kwanza kama jina lilitolewa kwa ajili ya mwezi. Mtoto aliyerithishwa jina la babu yake huitwa Shabani hata akizaliwa Mfungo Tatu.

Upande wa mama

Nilisema nitaurudia upungufu wa wanawake. Wazaramo, kama Wakwere na Waluguru, ukoo wao kwa asili hufuata upande wa mama. Uislamu, misheni na serikali zote mbili za kikoloni zilileta desturi ya kuandika mtu kwa jina la baba: fulani bin fulani. Tazama basi matokeo yake. Uti wa mgongo wa nasaba ya Kizaramo ni mama, mama wa mama, na ndugu zake wanaume, yaani wajomba. Na hao hasa ndio ambao karatasi hazikuwaandika. Daftari la kodi latuonyesha ubaya wa jambo hili waziwazi: mwanamume mwenye wake watatu katika nyumba tatu alilipia nyumba tatu. Serikali iliwahesabu wake. Majina yao haikuyataka.

Mtafiti anayefuata karatasi peke yake atajenga mti wa wanaume, nao utakuwa mti mzuri wa kuangalia, ila si ukoo ambao wenyewe waujua. Dawa yake ni kuanza na kinywa. Katika tambiko makaburini wazee huwaita waliotangulia kwa majina, na upande wa mama haukosi. Bibi aliyelea mwali ajua mama wa mwali, na mama wa mama. Daftari la nikaha humtaja bibi arusi na walii wake. Kesi ya talaka humtaja mke, nduguze na kijiji alichotoka. Mahali ambapo magazeti yananyamaza, mahakama ya mwanzo husema.

Kwa hiyo nashauri kila mtafiti afungue daftari lenye safu mbili: moja ya yale yaliyonenwa, nyingine ya yale yaliyoandikwa. Asizichanganye, wala asiifute moja kwa ajili ya nyingine. Panapopatana, ana jambo la hakika. Pasipopatana, ana swali jema, na swali jema lafaa kuliko jibu la haraka.

Habari nzito

Kuna swali moja ambalo kila mwenye kufanya kazi hii pwani hulifikia. Wadachi walikuwa wakitoa barua za uhuru kwa watumwa waliokombolewa au kuachwa huru, na kwa amri yao watoto wote waliozaliwa baada ya mwaka 1905 walihesabiwa kuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Barua hizo na orodha zake humtaja mtu, bwana wake, na mahali alipotoka. Basi mjukuu aliyelelewa akiambiwa kwamba yeye ni Mzaramo wa asili aweza kukuta kwamba bibi yake aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, akauzwa pwani, akapewa jina jipya.

Atafanya nini? Wapo wasemao afadhali karatasi irudishwe mahali pake na habari ifungwe. Siafikiani nao kabisa, lakini siwapuuzi. Ukoo uliompokea yule mtoto na kumpa wajomba haukusema uongo. Ulifanya kazi ambayo koo zimefanya siku zote, kazi ya kumfanya mgeni kuwa mtu wa nyumbani. Simulizi ya ukoo na barua ya uhuru zote mbili ni kweli: moja yaeleza alikotoka, nyingine yaeleza alikofika. Linalokatazwa ni kuitumia barua hiyo kama silaha katika ugomvi wa shamba, kumwambia jirani kwamba hana haki kwa sababu bibi yake alinunuliwa. Mtafiti aliyeipata na awaambie kwanza wenye mzee wao, faraghani, na awaachie wao kuamua kama itachapwa. Kuificha wasijue ni kuwaibia. Kuitangaza bila ruhusa yao ni kuwavunjia heshima.

Yanayopasa kufanywa

Magazeti tuliyoyataja hayako hatarini sana. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mengi katika sehemu yake ya Afrika Mashariki, na mengine yako katika maktaba za Ulaya. Nyaraka za serikali zina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2002. Kilicho hatarini ni daftari la sheikh, daftari la shule, sanduku la bibi, na kinywa cha mzee. Haya hayana sheria wala maktaba.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka Kisarawe au Kibaha asingoje kupewa fedha za utafiti. Likizo inatosha. Aende na kalamu, aombe kuyaona madaftari ya nikaha na ya shule, ayanakili kwa imla ileile iliyomo bila kuisahihisha, aandike nani analitunza kila daftari, na kulirudisha siku ileile. Kisha akae na wazee na kuuliza, asianze na mwaka, aanze na mama. Mzee akimjibu kwamba ilikuwa mwaka wa nzige, na aandike hivyohivyo: mwaka wa nzige. Tarehe itatafutwa baadaye. Magazeti yatangoja, mzee hatangoja.